Kisa cha Simba wa Mlimani: Kilivyokuwa Hasa



Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka ameniandikia mara mbili akinitaka nikiandike kile kisa cha simba. Anasema watu wamekisikia vipande vipande, huyu kwa simu, yule harusini, na kila anayekisimulia hukitia chumvi yake. Nimepata habari kuwa Muscat kimefika kwamba nilimpiga simba kwa bakora. Toronto, kwamba alikuwa na watoto wawili nami nikawafukuza wote watatu. London naambiwa kuwa nina kovu la mkononi. Hilo lina asili yake kidogo, tutalifikia. Lakini bakora ilikuwa garini, na simba alikuwa mmoja. Basi nimeona bora niketi nikiandike mwenyewe, kwa sababu limo jambo moja katika kisa hiki ambalo hapana mtu aliyelisimulia, nalo ndilo kisa chenyewe.

Kwanza nieleze mahali. Sisi tuliomo katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi ya Marekani, tunakaa baina ya bahari na milima. Ukitoka Seattle ukashika barabara kuu ya kwenda mashariki, baada ya kiasi cha kilomita 50 unafika mji mdogo wa North Bend, na hapo milima ya Cascade imesimama nyuma ya nyumba kama ukuta. Mlima wenye sifa kuliko yote hapo unaitwa Si. Mjukuu wangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza lakini ana masikio, hacheki jambo lolote kama hili: "Babu, huu ni Mlima Si, si mlima?" Jirani yake ni Teneriffe, mrefu kuliko Si lakini watu wake ni wachache. Njia yake inapita katika msitu wa mierezi na misonobari, kisha inapanda kwa mizunguko juu ya mawe mpaka kwenye maporomoko ya maji. Karibu zaidi na mjini uko mlima uitwao Cougar, maana yake ni mlima wa puma, na mwengine uitwao Tiger, ingawa simbamarara hajapata kukanyaga nchi hii ila kizimbani.

Mwaka nilioacha kusomesha, daktari alipima sukari yangu na presha, akaniambia nitembee. Nikaanza kwa kuzunguka mtaa, kisha bustani, kisha vilima. Mjukuu wangu alipofika miaka tisa akawa mwenzangu wa kila Jumamosi. Mama yake, binti yangu, hunikabidhi mtoto mlangoni pamoja na mkoba wa maandazi, na kila mara hunambia neno lile lile: "Baba, msiachane."

Sasa huyo mnyama. Wenyeji humwita kwa majina mengi, puma na simba wa mlimani yakiwamo, na yote ni mnyama mmoja. Anapatikana tangu Kanada mpaka kusini kabisa ya Chile na Argentina. Rangi yake ni ya mchanga, hana madoa wala manyoya ya shingoni, isipokuwa watoto wake huzaliwa na madoa. Dume hufikia kilo 60 na 70, na pengine hupita. Hangurumi kama simba wala chui wa kwetu. Akiridhika hukoroma kama paka wa nyumbani. Chakula chake kikubwa katika milima hii ni kulungu. Humnyemelea kimya, akamrukia kwa nyuma, akamshika shingoni. Kumbukeni neno hilo la nyuma, maana mambo yote yako hapo.

Na kabla sijafika mlimani, naomba ruhusa nirudi Unguja kidogo, kwa sababu nilipokuwa juu ya mlima ule mtu aliyefungua mdomo hakuwa mwalimu mstaafu, bali mtoto wa shamba wa miaka minane. Wazee wenzangu wanakumbuka. Tulilelewa kuwa kuna chui wa porini na kuna chui wa kufugwa, ambaye mchawi humlisha na kumtuma kwa watu. Huyu wa pili ndiye aliyetufanya tusithubutu kutoka nje baada ya Isha. Baada ya 1964 zilifanywa harakati kubwa za kuwasaka wachawi na chui wao, na chui wengi waliuawa. Na hata baadaye kumwua chui ilikuwa ni sifa. Siku moja wasasi walipita njia yetu wamembeba chui aliyefungwa miguu kwenye mti, kichwa kinaning'inia. Watoto tuliwafuata tukipiga makopo. Mimi niliugusa mkia wake. Bibi yangu alinipiga kibao cha mkono ule ule niliogusia, akauosha kwa maji ya ndimu, akanifunza somo moja tu juu ya chui: ukimwona, ukimsikia, hata ukimdhania, mbio.

Somo hilo nililihifadhi kwa zaidi ya miaka 50, na sikupata kulitumia hata mara moja.

Ilikuwa Jumamosi, Oktoba 2024, saa moja na nusu asubuhi, jua ndio kwanza linatoka. Gari lilikuwa letu peke yetu pale pa kuegesha. Tulikuwa tumekwenda kiasi cha saa nzima, tumefika kwenye ile mizunguko ya mawe, na magoti yangu yakaanza kusema. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Mtoto alikuwa na haraka ya kuyaona maji, nami nikamwambia, "Tangulia, nakuja." Nikasimama, nikafungua themosi, nikajimiminia chai.

Nilipoinua kichwa, mtoto alikuwa hatua kama arobaini mbele yangu. Juu ya jabali, mbele yake kidogo, nikaona rangi ya kulungu. Nikasema moyoni, kulungu. Halafu nikaona mkia. Kulungu wa huku mkia wake ni kama kitambaa cha kufutia meza. Huu ulikuwa mrefu, mzito, umelala juu ya jiwe, na ncha yake nyeusi inacheza peke yake, kama ya paka aliyeona kifaranga. Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwa mtoto.

Jamaa zangu, hapa ndipo mnaposimulia kuwa nilipiga kelele nikamtisha simba. Kelele nilipiga kweli. Lakini neno nililolisema ni hili: "Kimbia!"

Mtoto akageuka kunitazama, akaona uso wangu, akafuata macho yangu, akamwona. Hakukimbia. Alinijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesahihisha hesabu ubaoni: "Sikimbii, Babu. Na wewe usikimbie."

Nimesomesha miaka mingi, na katika miaka hiyo mtoto aliyenijibu "sifanyi" alijua yatakayomfika. Mara ya pili nilimwamrisha, kwa ukali zaidi. Akakataa mara ya pili. Akalishika koti lake pande mbili, akalitanua juu ya kichwa mpaka akawa kama popo mkubwa, akaanza kurudi kinyumenyume, hatua moja moja, uso wake kwa mnyama. Akaniambia, "Babu, sema! Sema kwa nguvu!"

Nikafungua mdomo nisome Ayatul Kursiyyu, niliyoihifadhi chuoni kabla ya kuota meno ya pili, na wallahi haikuja. Kilichokuja ni sauti ya darasani, ya kipindi cha mwisho, siku ya joto: "Wewe! Wewe hapo! Unatazama nini? Hebu toka! Nimesema toka!" Nikainua mikono yote miwili, na kifuniko cha themosi kimo mkononi, chai ikanimwagikia mpaka kwenye kiwiko. Sikuhisi kitu. Nikaanza kwenda mbele kumkaribia mtoto, huku nakaripia kama mwendawazimu.

Puma akaacha kumtazama mtoto, akanitazama mimi. Miguu ya nyuma alikuwa ameshaikusanya chini ya tumbo, akaikunjua. Akasimama, akageuka, akateremka upande wa pili wa jabali bila ya haraka, akaingia katika kichaka. Hata jani halikulia. Mjukuu wangu anasema yote hayo yalikuwa dakika moja. Mimi kwangu ilikuwa ni baina ya Adhuhuri na Alasiri.

Tulirudi tumeshikana mikono, mimi natazama nyuma na yeye mbele, tukiimba kaswida za maulidi kwa sauti ya juu mpaka tukaliona gari. Hapo ndipo mkono ulipoanza kuniwaka. Hilo ndilo kovu la London: ni la chai.

Sasa, yule mtoto alijuaje? Mwezi wa Februari mwaka ule ule wa 2024, karibu na Fall City, ambako si mbali na mlima huo, wanawake watano walikuwa wakiendesha baiskeli msituni, puma akamrukia mmoja wao akamshika taya. Wenziwe hawakumkimbia. Walipigana naye kwa mawe na kwa vijiti mpaka akamwachia, kisha wakamgandamiza chini kwa baiskeli mpaka akafika askari wa wanyamapori akampiga risasi. Yule mama alipona. Baada ya habari hiyo mtu wa wanyamapori aliletwa skulini kwao kuwasomesha watoto, na mjukuu wangu akasikiliza. Mimi gazeti lile nililisoma pia, nikasema "masikini", nikafungua ukurasa wa michezo.

Nilipokwenda kutoa taarifa kwa Idara ya Samaki na Wanyamapori ya jimbo, afisa aliniuliza maswali kwa utulivu, kisha akanieleza mambo ambayo laiti ningeyajua mapema. Nayaandika hapa kwa faida ya kila mwenye watoto, maana wengi wetu sasa tunakaa katika nchi zenye milima, Colorado, California, British Columbia, na vijana wetu wanapenda kupanda.

Kwanza, usikimbie, wala usimpe mgongo. Mnyama huyu amezoea windo linalomkimbia, na ukikimbia umemwambia kuwa wewe ni windo. Mnamo Mei 2018 huko huko upande wa North Bend vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli walishambuliwa. Walikuwa wamemfukuza mara ya kwanza akarudi. Alimkamata mmoja, yule wa pili alipokimbia akamwacha wa kwanza akamfuata yeye, akamwua. Hatumlaumu marehemu hata kidogo. Mimi niliyeshindwa kufikiri nikiwa mbali kwa hatua arobaini sina ulimi wa kumlaumu mtu.

Pili, jifanye mkubwa. Tanua koti, inua mikono, sema kwa sauti nzito, mtazame. Usiiname wala usichuchumae. Kama una mtoto mdogo mwinue pasi na kuinama sana, na mwachie mnyama njia ya kuondokea. Tatu, akikurukia, pigana naye kwa chochote ulichonacho, na jikinge shingo. Nne, watoto wasitangulie wala wasibaki nyuma, khasa alfajiri na magharibi. Hilo la nne niliposomewa niliinamisha kichwa.

Tano, jueni kuwa kila mnyama ana adabu yake. Dubu mweusi, ambaye milimani kwetu ni wengi, na ambaye licha ya jina lake pengine huwa wa kahawia, khabari zake ni nyengine: huyo zungumza naye taratibu urudi nyuma, na chakula usikiache wazi, kwa sababu chakula ndicho kinachomtia tamaa, lakini akikushambulia, pigana. Dubu mkubwa wa grizili, aliyeko Montana, Wyoming, Alaska na Kanada, akikushambulia kwa kuwa umemshtua au ana watoto, hapo ndipo mtu hulala kifudifudi akafunika shingo kwa mikono akajifanya maiti. Ukichanganya masomo haya umeangamia. Kwa dubu wote wawili watu hubeba kopo la dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ukali wa pilipili, na hata kwa puma inafaa. Mke wangu alipoiona alisema kuwa hatimaye Wamarekani wamejua kazi ya pilipili.

Wala msiogope kupita kiasi. Katika Marekani na Kanada, kwa zaidi ya miaka 100, watu waliouawa na puma ni kiasi cha 30 tu. Katika jimbo letu, kabla ya yule kijana wa 2018, wa mwisho alikuwa mtoto mmoja mwaka 1924. Barabara tunayopita kwenda mlimani inaua zaidi ya hivyo, na hapana anayeihadithia.

Nimefikiri sana juu ya chui wa kwetu tangu siku ile. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko wa bara, madoa yake yamebanana, na wataalamu walimpa jina lake la kisayansi mwaka 1932. Leo wengi wanaamini kuwa amekwisha. Mwaka 2018 watu wa televisheni ya Marekani walidai kuwa kamera yao imemnasa mmoja usiku, na wataalamu hawakuafikiana. Wamarekani nao si malaika: zamani walikuwa wakilipa fedha kwa kila puma aliyeuawa, na upande wa mashariki wa nchi wakamaliza wote isipokuwa wale wachache wa Florida. Lakini huku magharibi walisita kabla hajamalizika, na sasa wanawafunza watoto wao namna ya kukutana naye. Sisi tulifunzwa mbio na makopo. Simlaumu bibi yangu, alinifunza alichonacho. Lakini mkia ule nilioushika nikiwa mtoto ulikuwa baridi, na huu wa pili ulikuwa hai, ncha yake inacheza, na pamoja na khofu yote ile sijapata kuona kiumbe cha Mwenyezi Mungu kilichokamilika kuliko kile.

Nimalize kwa lile lililonifanya nishike kalamu. Tulipokuwa garini nilimwambia mjukuu wangu, "Tusimwambie mama yako leo, ataingia khofu." Hilo ni kosa langu la tatu, na ndilo baya kuliko yote, kwani mawili ya mwanzo niliyafanya kwa kughafilika na la tatu kwa kukusudia. Akaitikia. Alinyamaza kwa wiki mbili, kisha likamtoka. Lakini alisimulia hivi: Babu alimwona simba, Babu akapiga kelele, simba akakimbia. Neno "kimbia" hakulitaja. Koti lake hakulitaja. Binti yangu akanibusu mkono penye alama ya chai, akapiga simu Muscat, na mengine mnayajua. Nami nikakaa juu ya kiti changu nikipokea pongezi.

Tulipokuwa chuoni tulisoma khabari za Nabii Yaaqub, alipoombwa na wanawe wamchukue Yusuf. Alichelea mbwa mwitu, lakini alichelea pia wao wasije wakaghafilika naye. Waliporudi, mnyama waliyemsimulia hakuwako. Katika kisa changu mnyama alikuwako kweli. Uongo ulikuwa katika nani aliyefanya nini. Mtoto wa miaka tisa alinisitiri aibu yangu bila ya kuambiwa na mtu. Sikuona kuwa ni haki kitabu hiki, ambacho atakuja kuwasomea wanawe, kimwandike yeye kuwa ndiye aliyeokolewa.

Kurasa hizi nilimsomea binti yangu kabla sijazipeleka kwa mhariri. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Alikuwa mbali na wewe hatua ngapi, Baba?" Nikamwambia arobaini. Akanyamaza, akaenda jikoni, nikasikia maji yanachemka, na chai haikuja. Niliondoka nikidhani kuwa Jumamosi zangu zimekwisha.

Jumamosi ile saa kumi na mbili na nusu walikuja wote wawili mlangoni kwangu. Mtoto amevaa viatu vya mlimani, na filimbi shingoni. Mama yake alikuwa na filimbi ya pili mkononi. Akanivisha mwenyewe, kama anavyovishwa mtoto wa skuli siku ya kwanza, akasema, "Msiachane." Safari hii alilisema akimtazama mtoto.